Kumwagilia bustani ya roshani kwa sensa ya unyevu

Mchicha na nyanya za kwenye ndoo, juu ghorofani kunakopiga jua la mchana, huweza kunyauka kwa siku moja tu ukisafiri. Kipima saa peke yake hakifai: kitafungua maji hata kama mvua imenyesha usiku kucha. Mfumo huu hupima udongo kwanza. Tena huvuta maji kwenye ndoo, si bombani, kwa hiyo mgao wa maji hauusimamishi, na ukiharibika hauwezi kumwaga zaidi ya ndoo moja.

Tafuta bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo itakayosoma sensa na kuamuru pampu), sensa ya unyevu ya kapasita, rilei ya volti 5 (swichi inayowashwa na bodi), pampu ndogo ya kuzamisha ya volti 3 hadi 5, dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), chaja ya volti 5 na ampea 2, mpira laini unaobana mdomo wa pampu, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko.

Kwenye sensa usitafute rahisi kupita kiasi. Zile zenye miguu miwili ya chuma kilicho wazi hupitisha umeme kwenye udongo wenyewe. Chuma huliwa na namba zinaanza kudanganya. Ya kapasita haina chuma kinachogusa udongo, ila kingo za ubao wake hunyonya maji. Zipake rangi ya kucha mara mbili, iache ikauke, kisha chomeka sensa kwenye udongo, isivuke mstari uliochorwa juu yake. Sehemu ya juu yenye vipande vya elektroniki ifunikwe isilowe.

Sensa iunge kwenye volti 3.3, GND (upande hasi) na pini ya 34 ya bodi. Usitumie pini za 25 hadi 27 kusomea sensa, maana Wi-Fi ya bodi ikiwa imewashwa, pini hizo haziwezi kuisoma sensa. Kuwasha rilei ni kazi nyingine, na pini ya 26 inafaa. Chagua rilei inayowaka kwa ishara ya juu, yaani pini inapotoa umeme. Inayowaka kwa ishara ya chini inaweza kuendesha pampu kila umeme unaporudi baada ya kukatika. Waya wa pampu utoke moja kwa moja kwenye chaja kupitia rilei, usipitie kwenye bodi. Dayodi ikae sambamba na pampu, upande wenye mstari ukielekea chanya. Bila hiyo, pampu inapozimika hurusha umeme wa kinyume, na bodi hujizima na kujiwasha hovyo.

Sasa pima udongo wako mwenyewe, kwa sababu kichanga na udongo wenye samadi havitoi namba moja. Soma sensa kwenye udongo uliokaushwa juani, kisha kwenye udongo huohuo uliolowana na kuachwa saa moja uchuje. Namba hushuka unyevu unapopanda. Ukipata, tuseme, 2600 kwa mkavu na 1200 kwa uliolowa, anza na kikomo cha 1900, yaani pampu iwashwe namba ikizidi hapo, halafu rekebisha kwa kuutazama mmea. Soma mara 10 na uchukue wastani, pampu ikiwa imezimwa.

Kosa linaloua mimea mingi ni kuamuru pampu iendelee mpaka sensa iseme imetosha. Maji huchukua dakika kadhaa kushuka hadi kwenye sensa. Yakifika, sahani ya chungu imeshafurika na jirani wa chini anagonga mlango. Programu utakayoiweka kwenye bodi iendeshe pampu sekunde 5, isubiri dakika 15, ipime tena. Weka ukomo wa mizunguko 6 kwa siku, ili sensa iking'oka na kusoma hewa kama udongo mkavu, maji yasiishe yote. Kabla ya hapo, elekeza mpira kwenye jagi lenye vipimo ujue sekunde 5 zinatoa mililita ngapi.

Ndoo ikikaa juu kuliko vyungu, maji huendelea kutiririka hata pampu ikizimwa. Iweke sakafuni, mdomo wa mpira uwe juu ya usawa wa maji. Isipowezekana, toboa tundu dogo kwenye mpira, ndani ya ndoo, juu ya maji: hewa itaingia na mtiririko utakatika.

Mfuniko ubane vizuri, mbu wasitage. Pampu isiachwe ikazunguka pakavu, huungua. Jaza ndoo kabla maji hayajashuka hadi usawa wa pampu, na suuza chujio la pampu kila unapojaza.