Simu ya bei nafuu: pa kukubali kukosa na pa kukataa

Simu janja ikiuzwa rahisi, kuna mahali mtengenezaji amebana matumizi. Kabla hujatoa pesa, jua amebana wapi. Kioo kikipasuka fundi atakibadilisha, betri ikichoka vilevile, na chaja utanunua nyingine. RAM (kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizo wazi) na hifadhi ya ndani (panapokaa programu, picha na video), hapana: zimechomelewa kwenye bodi, na ulichonunua ndicho utakachokaa nacho. Anzia hapo.

RAM isipungue GB 4. Za GB 2 zinawaka na kupiga simu, nyingi zikiwa na Android Go (Android iliyopunguzwa kwa simu dhaifu), lakini ukifungua WhatsApp, kisha Facebook, kisha kivinjari, ile ya kwanza hufungwa kimyakimya na ukiirudia inaanza upya. Bango likisema "GB 8", uliza kama ni 4+4. Hizo nne za pili ni kipande cha hifadhi kinachofanya kazi ya RAM kwa mwendo wa pole sana, kwa hiyo usizilipie. Jaribu palepale dukani: fungua programu sita mfululizo, halafu rudi kwenye ya kwanza uone kama bado iko ulipoiacha.

Hifadhi iwe angalau GB 64, maana mfumo na programu zilizokuja nao huweza kumeza GB 15 au zaidi. Memori kadi itabeba picha na video, lakini programu nyingi hubaki ndani. Uliza pia aina ya hifadhi ya ndani: simu nyingi za bei ya chini hutumia aina iitwayo eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko aina ya UFS, na ikikaribia kujaa simu nzima huanza kukwama. Watu husema simu "imezeeka" wakati kilichojaa ni video za magrupu. Acha GB 10 wazi wakati wote.

Kwenye prosesa, yaani chipu inayoendesha simu, "viini vinane" (sehemu nane za kufanyia kazi) peke yake hakukuambii kitu. Prosesa ya Unisoc SC9863A ina viini vinane, vyote vidogo vya Cortex-A55. Unisoc T606 na Helio G85 pia zina vinane, ila viwili kati yake ni Cortex-A75 vyenye nguvu zaidi, na tofauti utaiona ukifungua kamera au ramani. Bei zikikaribiana, chukua yenye hivyo viwili.

Kamera ndiyo pa kukubali hasara. Pikseli za kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganishwa nne kuwa moja, picha ikatoka na kama megapikseli 12.5. Duara la pili nyuma, la megapikseli 2 au pungufu, ni pambo tu kwa mtumiaji wa kawaida. Piga picha ya mtu ndani ya duka, mbali na mlango, kisha ikuze utazame nywele. Zikiwa zimegandamana kama rangi ya maji, ndivyo picha zako za usiku zitakavyokuwa.

Kioo cha HD+ (720 × 1600) kinatosha kabisa kusoma na kutazama video. Shida huwa ni mwangaza: toka nje juani, upandishe hadi mwisho, usome meseji.

Betri ndiyo fahari ya simu hizi. Nyingi zina mAh 5000, na kwa kuwa kioo hakina pikseli nyingi, chaji hukaa. Gharama yake ni kuchaji: kwa chaja ya wati 10, tenga karibu saa tatu.

Kabla ya kulipa, piga *#06# ulinganishe IMEI (namba za utambulisho wa simu, moja kwa kila laini) na zilizoandikwa kwenye boksi. Tanzania tuma IMEI kwenda 15090, Kenya 1555, usome jina la simu litakalorudi. Katika mipangilio ya Play Store, sehemu ya Kuhusu, hakikisha kifaa kimethibitishwa. Tazama pia tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, achana nayo, hasa kama unatumia programu za benki. Weka laini yako mwenyewe uone 4G inashika, kisha piga simu.

Mwisho, risiti iandikwe IMEI zote mbili. Muuzaji akikataa kuziandika, waranti yake haina pa kushikia, nenda duka la pili.