SOMO: Mwezi wa kwanza wa mwanafunzi wa piano, na kwa nini usibandike herufi kwenye vitufe

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Nimepata mwanafunzi mpya, nianzie wapi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Kiti. Aketi nusu ya mbele, viwiko viwe usawa wa vitufe au juu kidogo. Mtoto asiyefika chini awekewe kitu kigumu cha kukanyagia. Miguu ikining'inia, mabega hupanda.

2. Namba za vidole. Gumba ni 1, kidogo ni 5, mikono yote miwili.

3. Vitufe vyeusi kwanza. Vimepangwa viwiliviwili na vitatuvitatu. Apige makundi yote ya viwili kwa vidole 2 na 3, kutoka katikati hadi mwisho wa kila upande. Kisha mwonyeshe (noti huitwa kwa herufi, A hadi G): C ni cheupe kilichogusana na kundi la viwili upande wa kushoto, F vivyo hivyo kwa kundi la vitatu.

4. Kuiga. Piga noti nne, naye arudie bila karatasi, huku akihesabu kwa sauti.

5. Kusoma noti. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Vitabu vingi vya karne ya 20 huanza na gumba zote mbili juu ya C ya kati (C iliyo karibu na katikati ya kinanda), mkono hauhami, na kila noti ina namba ya kidole. Mtoto anapiga wimbo mapema, mzazi anafurahi. Lakini anachosoma ni namba. Kitabu kikimhamishia G anakwama, maana kwake 1 ya mkono wa kulia ndiyo C.

Njia nyingine, aliyoieneza Frances Clark wa Marekani tangu miaka ya 1950, hutumia noti chache za alama, za kujielekezea kwenye mistari mitano ya noti: F ya ufunguo wa besi, yaani mistari ya sauti za chini (mstari wa pili kutoka juu), C ya kati, na G ya ufunguo wa juu, mistari ya sauti za juu (mstari wa pili kutoka chini). Zilizobaki husomwa kwa umbali. Mstari kwenda nafasi inayofuata (kati ya mistari) ni kitufe cheupe jirani. Mstari kwenda mstari unaofuata, unaruka kitufe kimoja cheupe. Anza na noti zisizo na mistari, zinazopanda na kushuka tu, kisha mistari miwili, ndipo mitano.

TAHADHARI:
– Namba ya kidole iandikwe kwenye noti ya kwanza, na pale mkono unapohama. Basi.
– Mjaribu: wimbo uleule, aanze na kidole 3 badala ya 1. Akipotea kabisa, alikuwa hasomi.
– Usibandike herufi kwenye vitufe. Macho yatahamia mikononi, na kuyarudisha kwenye karatasi ni kazi ya miezi.

6. Mazoezi. Dakika 10 hadi 15 kila siku. Saa nzima usiku wa kuamkia somo haisaidii kitu.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa hiyo tunaanza na C ya kati?
Jibu: Hatua ya 5. Isome.

Swali: Herufi nimeshabandika. Nizing'oe zote?
Jibu: Hapana, atachanganyikiwa. Bakiza za C na F wiki hii, wiki ijayo ng'oa F, halafu C. Kila unapong'oa, rudieni hatua ya 3.

Swali: Mimi nilifundishwa kwa gumba mbili na napiga vizuri tu. Walimu wetu walikosea?
Jibu: Sijasema hivyo, usiniwekee maneno mdomoni. Mwalimu mzuri alikuhamishia wimbo kwenye G au F hata kama kitabu hakikumwambia. Nazungumzia anayefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa.

Swali: Mwalimu, mwanafunzi wangu ni mwanakwaya, anasoma solfa vizuri. Itamvuruga?
Jibu: Swali zuri. Itamsaidia, maana sikio lake tayari linajua umbali. Aimbe do re mi fa so akipiga kutoka C, kisha kutoka G. Halafu mwanzishie D umwache: atasikia mwenyewe kuwa mi haikai kwenye cheupe. Hapo kitufe cheusi kinapata maana bila hotuba.

Swali: Nina kitabu cha zamani cha Uingereza, gumba ina alama ya msalaba na cha shahada ni 1. Ni makosa ya uchapaji?
Jibu: Si makosa. Ndivyo walivyoandika Waingereza zamani: gumba msalaba, vingine 1 hadi 4. Kabla ya kumpa mwanafunzi, sahihisha namba zote. Enzi hizo hata mikono ilifungiwa: mwaka 1814 Johann Bernhard Logier alisajili kifaa cha kushikilia viganja na vidole mbele ya vitufe. Mwishoni mwa karne hiyo baadhi ya walimu wa Ujerumani wakageukia uzito wa mkono mzima, kiwiko kikiwa huru.

Mdau: Naongezea. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kuanzia, ila hakikisha sauti hubadilika kwa nguvu ya kidole.
Jibu: Kweli. Na angalia stendi ya miguu ya X, hugonga magoti, mtoto anasogea nyuma na kunyoosha mikono. Ya miguu minne ni bora.