Jinsi ya Kushona Blanketi la Kumbukumbu la Mtoto kwa Kanga za Uzazi

Kanga ambazo mama alijifunga wakati wa uzazi, akambebea na kumfunikia mtoto, mara nyingi huishia kuwa matambara ya kupangusia meza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzishona ziwe blanketi dogo la kumbukumbu, lenye jina la mtoto pamoja na maneno ya kanga yenyewe. Nimeuandika baada ya kumsaidia wifi yangu kumshonea bintiye, na kwa kuwa maswali yake mengi yalihusu kufua kuliko kushona, hatua ya pili imekuwa ndefu kuliko nyingine. Nachukulia kwamba unajua kutumia cherehani.

Hatua ya 1: Kuchagua kanga

Kanga nne au tano zinatosha, mradi ziwe za pamba tupu. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja ukingoni na uuchome: pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kanga ya poliesta iache, hata kama rangi zake zinavutia, kwa sababu huteleza chini ya sindano na haistahimili pasi ya moto. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Kata kimoja tu, na cha pili kibaki kizima kwa mama.

Hatua ya 2: Kufua na kumaliza rangi inayochuja

Blanketi la mtoto litafuliwa mara nyingi, na mara nyingine litafuliwa na mtu asiyejua lilivyotengenezwa. Kanga moja nyekundu inayochuja inatosha kuyapaka waridi maandishi meupe ya kanga nyingine zote, na baada ya kushona hakuna namna ya kuitenga. Kwa hiyo kila kanga ifuliwe peke yake kabla ya kukatwa, hata ile uliyoambiwa kuwa ni ya zamani na haichuji tena.

Anza kwa kuiloweka katika maji baridi bila sabuni ili wanga wa kiwandani utoke, kisha ifue kwa sabuni ya kawaida na uisuuze hadi maji yawe meupe. Baada ya hapo rudia kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa kanga iliyotulia katika maji baridi huweza kuchuja tena inapokutana na joto. Mwishowe fanya jaribio ambalo mimi siliruki kamwe: weka kipande cha kitambaa cheupe kilicholowa juu ya sehemu yenye rangi nzito, hasa nyekundu, nyeusi au buluu iliyokolea, na ukipige pasi ya moto hadi kikauke. Kikipata doa, rudi kwenye beseni. Kanga ikiendelea kuacha doa baada ya kufuliwa mara nyingi, itoe katika kazi hii, ama uitumie kwa blanketi la kanga hiyo moja tu.

Wengi watakushauri uloweke kanga katika chumvi au siki ili rangi ishike. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati kitambaa kikiwa bado ndani ya rangi. Kwa kanga iliyokwisha kupigwa chapa, kinachosaidia ni kuiondoa rangi iliyozidi kwa kusuuza. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiiguse kabisa.

Marikani ya bitana, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kitakachokaa upande wa nyuma wa blanketi, nayo ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, kwani hurudi sana inapofuliwa mara ya kwanza, na ikirudi baada ya kushonwa itaivuta kazi yote na kuikunja. Anika kivulini, kisha piga pasi kila kitu kingali na unyevu kidogo.

Hatua ya 3: Kukata

Kata maneno kwanza. Chagua kanga moja ambayo ujumbe wake unafaa kuachiwa mtoto (mafumbo ya kumsema jirani yabaki kwa watu wazima) na ukate ukanda wa maneno ukiwa mzima, wenye kimo cha sentimita 12. Kisha kata miraba 20 ya sentimita 22, mingine kutoka mji (sehemu ya katikati ya kanga) na mingine kutoka pindo (mpaka unaoizunguka). Sehemu zilizochakaa hadi kupitisha mwanga ziache. Ukiona chapa ya mwenye duka, kama ile ya "Mali ya Abdulla" kwenye kanga za Mombasa, iingize katika mraba mmoja, kwani itamwonyesha mtoto kanga ilikotoka.

Hatua ya 4: Kudarizi jina

Darizi kwa mkono. Mashine za kudarizi zina kasi, lakini herufi zake hufanana kwa kila mtoto. Mwombe bibi au babu aandike jina na mwaka wa kuzaliwa kwa penseli juu ya marikani, kwa mwandiko wake mwenyewe, kisha uufuate mwandiko huo kwa mshono wa kurudi nyuma. Nyuzi nazo zipitie jaribio la pasi.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Panga miraba minne kwa mitano, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande. Ukanda wa maneno ukae chini. Ukipungua upana, uongeze kwa marikani yenye jina. Utapata sentimita 80 kwa 110.

Hatua ya 6: Bitana

Kata bitana iliyozidi sentimita tano kila upande, tandaza blanketi jembamba la pamba kati ya bitana na miraba, na upige bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia katikati kwenda pembeni. Shona juu ya mishono ya miraba, fumua bandi, punguza bitana ibaki sentimita tatu, kisha ikunje mara mbili kuja mbele na uishone.

Usiongeze shanga wala vifungo, kwa sababu mtoto mdogo huvitia mdomoni. Aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi hili. Atandikiwe sakafuni akiwa macho na chini ya uangalizi.