Kuwaandikia wapulizaji wa klarineti, saksafoni na basuni

Kabla sijaandika noti hata moja, nauliza: klarineti ni ya Bb (B iliyoshushwa nusu toni) au ya A? Ya Bb ukiiandikia C inatoa Bb, kwa hiyo pandisha kila noti toni nzima. Saksafoni alto ni ya Eb. C yake husikika Eb ya chini. Basuni unaiandikia inavyosikika, kwa ufunguo wa besi (alama ya mwanzo wa mistari, ya noti za chini). Ikipanda sana, ufunguo wa tenori.

Klarineti ndiyo naipenda kuliko zote. Chini ina sauti nzito, ya giza, juu inang'aa. Ila katikati, kwenye G hadi Bb, hufifia, na kuvuka kutoka A hiyo kwenda B kunataka karibu vidole vyote vifunike matundu kwa mara moja. Niliwahi kurudiarudia mruko huo kwa kasi, mpulizaji akakwama mazoezini. Nikaushusha oktava moja, ukatiririka.

Saksafoni humeza wenzake: klarineti ikiwa mf (nguvu ya wastani), saksafoni ipe p (sauti ndogo). Basuni nayo, noti zake za chini kabisa hazikubali kunong'ona.

Halafu weka alama za pumzi. Mimi huimba kila mstari kwanza. Nikikosa hewa, naukata.