Namna ya Kulifanya Papai Lililovunwa Lidumu

Wakulima wengi wa Luweero na Kayunga wanaopeleka mapapai Kampala hulaumu safari kwa kuoza kwa matunda yao, ilhali mara nyingi uharibifu huwa umeanza shambani, kwenye ngozi ya tunda.

Vuna asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, na uchague papai la kijani lenye mstari mmoja au miwili ya manjano upande wa kitako. Papai halina akiba kubwa ya wanga ya kugeuka sukari baada ya kukatwa, kwa hiyo lililovunwa likiwa changa litalainika bila kuwa tamu, na hakuna ujanja wa ghalani utakaoliokoa. Lililokwisha kuwa manjano nusu, kwa upande wake, liuzwe palepale kijijini.

Likate kwa kisu kikali, ukiacha kikonyo kifupi, kisha liweke juu ya majani ya mgomba, kikonyo kikielekea chini, ili utomvu mweupe udondoke bila kuchuruzika ubavuni, kwa kuwa utomvu ukikauka kwenye ganda huacha mabaka ya kahawia. Kata kucha zako kabla ya kuvuna. Mkwaruzo wa ukucha hauonekani siku ya kwanza, lakini siku ya tatu huwa doa lililobonyea, nalo ni mlango wa kuvu. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua gunia nililolijaza kwa mikono yangu na kukuta matunda ya chini yamepondeka, maji yakivuja. Tangu siku hiyo sijatia papai guniani. Tumia kreti za plastiki zilizotandikwa magazeti au majani makavu ya migomba, na upange matunda kwa safu moja.

Ugonjwa wa chule, unaoletwa na kuvu, huingia tunda likiwa bado mtini, ukajificha hadi linapoiva, na ndiyo sababu papai safi la leo hujaa madoa kesho kutwa. Kuliosha kwa maji safi hakutoshi kuutoa. Mwenye kipimajoto anaweza kuyatumbukiza mapapai katika maji ya nyuzi 49 za Selsiasi kwa dakika 20, kisha kuyapoza katika maji safi na kuyaanika kivulini. Asiye na kipimajoto asijaribu, kwa maana maji yakizidi joto huunguza ganda na tunda halitaiva sawasawa.

Baridi inayofaa kuhifadhi ni kati ya nyuzi 10 na 13, ambapo papai lililoanza tu kubadilika rangi hudumu kama majuma mawili. Usilitie bichi kwenye friji ya nyumbani: baridi kali hulitia vishimo na kulizuia kuiva. Pasipo umeme, jenga kibanda chenye kuta za wavu wa kuku zilizojazwa mkaa, uumwagilie maji asubuhi na jioni; upepo unaopita kwenye mkaa uliolowa hupoza ndani, ingawa kazi yake hupungua msimu wa mvua, hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Ndizi mbivu na maparachichi yasikae humo, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Kagua kila asubuhi, na lolote lililoanza kulainika liondolewe siku hiyohiyo.