Namna ya Kubuni Madini ya Sumaku kwa Ulimwengu wa Hadithi

Mtunzi anayetaka kuweka madini ya sumaku katika ulimwengu wake aanze na jiwe lililopo kweli, yaani magnetiti, kisha abadilishe sifa moja tu na kuziacha nyingine zilivyo. Magnetiti ni madini meusi ya chuma, yenye uzito unaokaribia mara 5.2 ya maji ya ujazo uleule. Ukiyasugua kwenye mgongo wa kigae yanaacha mstari mweusi, ilhali hematiti, madini mengine ya chuma, huacha mwekundu. Hapa kwetu Tanzania yapo Liganga, wilayani Ludewa, yakiwa yamechanganyika na metali za titani na vanadi.

Amua kwanza kama madini yako yanavuta au yanavutwa tu, maana watunzi wengi huyachanganya mambo haya. Magnetiti kwa kawaida hunaswa na sumaku bila yenyewe kuvuta chochote cha maana. Vipande vilivyo sumaku kwa asili ni vichache, na maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba vilipata nguvu hiyo kwa kupigwa na radi. Basi mlima mzima waweza kuwa wa mawe ya kawaida, ila kilele kimoja kipigwacho na radi kila masika ndicho wanachokigombea wafalme.

Pili, weka mipaka, kwa kuwa jiwe linalovuta kila kitu huchosha msomaji upesi. Dhahabu, fedha na shaba hazinaswi, kwa hiyo askari mwenye deraya ya shaba atapita salama pale ambapo mwenzake wa chuma atakwama. Joto nalo huua nguvu: magnetiti hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 580 hivi za Selsiasi, na chuma kwenye 770, hivyo mhunzi hawezi kufua upanga wa sumaku kwa kuliyeyusha jiwe tu. Njia ipo, na William Gilbert, tabibu wa Kiingereza aliyechunguza sumaku, aliieleza mwaka 1600: chuma cha moto kikifuliwa huku kimelazwa kaskazini na kusini, hupoa kikiwa na usumaku kidogo. Mwelekeo wa fuawe, basi, ungefaa kuwa siri ya ukoo wa wahunzi.

Umbali ndio unaosahaulika zaidi. Mabaharia wa kale walisimulia mlima wa sumaku ung'oao misumari ya meli, na wapo waliodhani kuwa ndiyo sababu vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa kamba, kama mtepe wetu. Kwa kweli mvuto hupungua haraka mno kadiri unavyosogea mbali. Ukiutaka mlima huo, hiyo ndiyo iwe sifa moja unayoibadilisha, na dira za mabaharia wako zianze kupotoka kabla msumari wa kwanza haujalegea.