Tovuti Ikigoma, Anza na Logi

Duka la mtandaoni la Kisumu likionyesha kosa la 500 (hitilafu ndani ya seva), usiguse msimbo kabla ya kusoma logi, faili ambamo seva huandika makosa yake. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, fungua File Manager, ingia public_html, utafute error_log. Makosa mapya huwa chini kabisa. Kama una seva yako ya Ubuntu yenye Apache (programu inayotoa kurasa za tovuti), andika kwenye terminali:

sudo tail -n 50 /var/log/apache2/error.log

Logi za Nginx, programu nyingine kama Apache, ziko /var/log/nginx.

Chunga saa, hapo ndipo wengi hupotea: seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu, kwa hiyo kilichoharibika Kisumu saa nane mchana kimeandikwa 11:00. Ukikuta "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", PHP, lugha inayoendesha tovuti, imemaliza MB 128 za kumbukumbu ilizopewa. Ongeza memory_limit, kikomo hicho cha kumbukumbu, kisha ukague programu-jalizi (plugin) uliyoweka karibuni.